Muhogo wa Emérance Ulivyosingiziwa

Bwera nzima inamjua Emérance kwa vitu viwili: sauti na pua. Sauti yake, ukiingia soko la Mpondwe, unaisikia kabla hujamuona. Pua sasa, hiyo ni habari nyingine. Huyu mama alitoka Butembo, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, na kitenge kimoja kiunoni na binti yake Alliance mgongoni, leo anauza unga wa muhogo, na kwa kazi yake hana haja ya saa. Analoweka muhogo kwenye pipa, anafunika. Asubuhi anafunua, anainama, ananusa. "Bado. Iko mutoto." Kesho yake tena: "Bado." Halafu siku moja anainuka anacheka peke yake: "Njo sasa!" Basi hapo umeiva. Unatolewa, unaanikwa, unasagwa, na ugali wake unavutika mpaka watu wanatoka Munkunyu kuufuata unga huo.

Shida ilikuwa jirani.

Kwenye uwanja mmoja na yeye alipanga Afande Omara, polisi aliyetoka huko Lira. Mtu mzuri, lakini kila kitu kwake ni gwaride. Asubuhi anatoka na fulana, anajiamrisha mwenyewe: "Mguu sawa! Nyuma geuka! Mbele tembea!" Anatembea mpaka chooni, anageuka, anarudi. Emérance anamchungulia nyuma ya pazia, anajiziba mdomo.

"Habari ya asubuhi, komanda!"

"Mama, hapa ni Uganda. Sema afande."

"Ndiyo, komanda."

Na muhogo huo afande alikuwa hauwezi. Kwao, muhogo ukianza kunuka mama yake alikuwa anautupa. Sasa hapa anaona mtu anasubiri unuke ndiyo afurahi!

Mambo yakaanza mkewe, Atim, alipojifungua. Maji ya Bwera yanateremka mlimani na baridi yake yote, ukiyamwaga mgongoni unaita majina ya ukoo wote. Omara akanunua hita ya gesi, ile ya kutundika, unawasha na maji yanatoka moto. Akaitundika ukutani nje ya bafu, kwenye kona ya mabati, mtungi wa gesi chini, hatua chache kutoka pipa la Emérance. Fundi? Hakuita. "Mimi bunduki naifungua na kuifunga gizani," alimwambia mkewe, "hiki kidubwana kitanishinda?"

Mara uwanja ukaanza kunuka. Atim akaanza kuumwa kichwa kila akienda kuoga. Omara hakujiuliza mara mbili. Akampigia simu mwenye nyumba, mzee Ezironi, anayekaa Kasese mjini, akaweka sauti ya nje kusudi Emérance asikie.

"Mzee, pipa la huyu mama linatuua. Mtoto wangu mchanga anavuta uozo!"

"Jumamosi nakuja," simu ikajibu. "Nikisikia hiyo harufu na pua yangu, mama anaondoka na pipa lake."

Emérance akasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni. Kupata nyumba nyingine Bwera kunawezekana. Kupata mwenye nyumba anayekubali mapipa ya muhogo, hapo ndipo kazi. Bila pipa, unga hakuna, na bila unga, Emérance ni nani?

"Komanda, muhogo hii nililoweka jana. Jana! Haiyanza hata kunuka. Kuya inama hapa."

"Mimi niiname kwa hiyo takataka?"

"Haya. Basi mi ntainama kwako."

Akaanza kunusa uwanja mzima kama paka anayetafuta samaki. Pipani: harufu ya maji na majani tu. Mlangoni: nepi. Akafika kwenye kona ya mabati, akachuchumaa. Pale chini kuku wake alikuwa anataga siku zote, na leo kuku hayupo, mayai kayaacha. Emérance akavuta hewa. Yai bovu. Akaokota yai moja akalipasua: zima kabisa, kiini cha njano kinacheka.

Wakati huohuo Omara akatoka bafuni na kiberiti mkononi. "Wacha nikuonyeshe, mama. Hita yangu inafanya kazi safi. Naiwasha sasa hivi, uone kama inanuka."

Kabla hajainuka pale alipochuchumaa, afande angekuwa ameshawasha njiti. "Komanda, ngoja" hakungemsimamisha, hilo alilijua. Basi Emérance akajaza kifua, akatoa ile sauti ya sokoni:

"AFANDE! MGUU SAWA!"

Omara akagonga visigino. Mikono chini kwenye mapaja, kidevu juu, kiberiti kimebanwa kwenye ngumi.

"NYUMA GEUKA! MBELE TEMBEA!"

Na akatembea! Miguu ilitii kabla kichwa hakijauliza nani anaamrisha. Alifika getini ndiyo akashtuka. Ndani, Atim alikuwa amekaa kitandani na mtoto, anacheka mpaka machozi.

"Atim, tokeni inje na mutoto! Usiguse swichi ya taa, acha mulango wazi!" Emérance akajifunga kitenge puani, akazungusha koki ya mtungi mpaka ikakataa, akawafuata barabarani.

Wakakaa nje mpaka upepo ukasafisha ile kona. Halafu akaja Mumbere, fundi wa gesi, kijana wa maneno mengi. Akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, akafungulia koki kidogo tu. Pale mpira unapoungana na hita, povu likavimba, likapasuka, likavimba tena. Akafunga. Akachungulia kiungo, akaguna.

"Nani alifunga hapa na raba ya baiskeli?"

Omara akaanza kuhesabu mabati.

"Maana huyu alifikiri anafunga kuni."

"Fanya kazi yako," akasema Omara.

"Afande, bunduki pia unafungaga na raba?"

Atim akaingia ndani mbio, asionekane anavyocheka. Mumbere akaweka mpira mpya na kibano cha chuma, akapaka povu tena. Safari hii likakaa tu, kama povu la mtu aliyesahau kuosha vyombo.

Kichwa cha Atim kikapona. Lakini Omara hakumpigia Ezironi. Kila akishika simu, anaona ile raba ya baiskeli, anairudisha mfukoni. Na muhogo, wenyewe haujui aibu ya mtu, ukaendelea kuiva. Jumamosi asubuhi Emérance akafunua pipa, akanusa, na kwa mara ya kwanza maishani hakufurahi. Ulikuwa umeiva haswa. Unanuka mpaka barabarani.

Ezironi akaingia na leso puani.

"Hii! Afande, ulisema kweli! Mama, anza kufunga vitu."

Emérance akamtazama Omara. Omara akatazama viatu vyake. Halafu, bila mtu kumwamrisha, akasimama mguu sawa.

"Mzee, hiyo unayosikia ni muhogo. Umeiva tu. Iliyokuwa inatuua ni gesi, ile inanuka yai bovu, inalala chini. Nilifunga mimi mwenyewe, vibaya. Pua ya huyu mama ndiyo ilituokoa. Akihama yeye, na mimi nahama."

Ezironi akashusha leso, akaiweka tena haraka. "Sasa mnataka nifanye nini?"

"Funga unga uende nao nyumbani," akasema Omara. "Sisi tunakula tangu juzi."

Ezironi akaguna, akaomba kilo mbili. Emérance akacheka ile ya kumaliza pumzi. "Aksanti sana, afande!"

Omara akakunja uso kidogo.

"Sema komanda tu, mama."