Mmarekani Asiye na Vina

Shangazi yangu alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume, wodi ya waliovunjika na waliopasuliwa. Wagonjwa walimwita Sista Polepole, si kwa uzembe, bali kwa namna alivyofunga bandeji, kama mtu anayemfunika mtoto asije akaamka. Hakuolewa. Aliishi na baba yake, yaani babu yangu, katika nyumba iliyojaa vitabu mpaka juu ya friji. Mimi nilikwenda kushinda kwao kila likizo, maana kwetu hakuna aliyejua kubishana kwa raha kama wale wawili.

Babu alikuwa mwalimu mstaafu na mtunzi. Mashairi yake yaliwahi kusomwa redioni, na majirani walimwagiza tungo za harusi. Kwake, shairi lilikuwa vina na mizani, basi. Ukimpa mstari wenye mizani pungufu, alikunja uso kama aliyetafuna mchanga.

Shangazi alipoanza kuota mvi, alijiandikisha masomo ya jioni ya fasihi chuoni. Ndugu walicheka.

"Dada, wagonjwa sasa utawachoma sindano au tashbihi?" baba yangu alimtania.

Shangazi alinunua viatu vya kutembelea, akaenda.

Huko ndiko alikokutana na yule Mmarekani. Mhadhiri alimpa kila mwanafunzi mshairi mmoja achunguze maisha na kazi yake, na yeye akaangukiwa na mtu wa karne ya kumi na tisa aliyetupilia mbali vina, akaandika mistari mirefu kama pumzi za mtu anayetembea, kisha akagharamia mwenyewe uchapishaji wa kitabu ambacho wengi walikikejeli. Naikumbuka Jumamosi aliyokileta nyumbani. Babu alivaa miwani, akasoma huku akihesabu kwa vidole kwenye mkono wa kiti, hadi vidole vikakata tamaa.

"Mwanangu, umepunjwa. Hili ni gazeti."

"Ni shairi, baba."

"Shairi gani? Hana kina hata kimoja!"

"Kina anacho. Asichonacho ni vina."

Babu alimtazama kwa juu ya miwani, kicheko kikamponyoka, kisha akanuna kwa sababu amechekeshwa.

Mwanzoni, kilichomnasa shangazi hakikuwa mistari ile. Yalikuwa maisha ya mshairi mwenyewe. Alisoma kwamba nchi yake ilipoingia vitani yenyewe kwa yenyewe, mtu huyu alizunguka hospitalini akikaa kando ya askari waliojeruhiwa, akiwapelekea matunda, akiwaandikia barua za kwao. Hakuwa daktari. Kazi yake ilikuwa kukaa nao. Shangazi alikiweka kitabu mapajani, akatuambia, "Miaka yote hii mimi nimesimama tu."

Tangu hapo, zamu ikiisha, alivuta kiti. Palikuwa na dereva wa lori aliyekatwa mguu, ambaye hakuzungumza na mtu. Chakula kikija, aliugeukia ukuta. Shangazi alikaa karibu naye akisoma kazi yake ya chuo, shairi la yule Mmarekani kuhusu safari ya barabarani, akilitafsiri kwa sauti palepale, maneno yakimtoka vipande vipande. Metroni akapita.

"Sista, wodi yangu imegeuka maktaba?"

Sauti ikatoka ukutani. "Mwache amalize. Huyo jamaa anaijua barabara."

Metroni mwenyewe alikwenda kumletea dereva chai.

Lakini chuoni mambo hayakwenda hivyo. Insha ilirudi na alama za kuokoteza, na maneno ya mhadhiri kwa wino wa kijani: umemjua mtu, bado hujaujua ufundi wake. Shangazi aliisoma akiwa amesimama jikoni, hata mkoba hajautua. Machozi yalimlengalenga. Kisha akaenda sebuleni alikokuwa babu.

"Baba, hapa nimekwama. Nisaidie."

"Kwa huyo asiye na mizani?"

"Kwa huyo huyo."

Babu alikunja gazeti lake taratibu, kama mtu anayefikiria kukataa. "Haya, lete."

Hapo ndipo zilipoanza Jumamosi ninazozitamani hadi leo. Mchana, mapazia yakipepea, kahawa ikipoa, wawili hao wakimtafsiri na kumgombania mtu aliyekufa zamani. Babu aliudhiwa na neno moja.

"Mimi, mimi, mimi! Kila mstari mimi! Kwetu ukisema 'ninakwenda' inatosha. Mwenye kwenda yumo ndani ya kitenzi, ametulia na adabu zake."

"Yeye anataka atoke nje aonekane, baba."

"Basi atoke mara moja, si kila mlango!"

Jumamosi nyingine babu alipiga meza hadi vikombe vikaruka. "Njooni! Nyote njooni! Nimemkamata!" Alituonyesha jinsi mistari ilivyoanza kwa neno lile lile, mstari baada ya mstari. "Sisi vina tunavitia katikati na mwishoni. Huyu mjanja kaupeleka mwangwi wake mwanzoni!" Alikuwa amefurahi kama aliyemwona ndugu kwenye umati wa wageni.

Shangazi aliandika insha upya, akafaulu vizuri. Lakini wao hawakuacha. Waliendelea kukitafsiri kitabu hata baada ya shahada, kwa mwendo wa kinyonga, maana sentensi moja iliweza kula mchana mzima na jirani mmoja aliyeitwa kuwa mwamuzi. Siku babu aliposhinda alikuwa mkarimu mno. Siku aliposhindwa alikwenda kumwagilia maua yaliyokwisha mwagiliwa.

Babu alifariki wakiwa hawajafika hata nusu.

Shangazi naye sasa amestaafu. Majuzi nilimkuta anapanga rafu upya, na ile tafsiri ipo, kurasa zake zimejaa mikato ya kalamu mbili. Nikamwambia, shangazi, muda unao, akili unayo, kwa nini usiimalize?

Alipangusa vumbi kwa upindo wa khanga, akatabasamu.

"Nimalize nikigombana na nani?"