Sauti ya Watu wa Maporomoko

Gertrude alizaliwa ndani ya kitunga cha kutegea samaki. Ndiyo, kitunga! Mama yake alikuwa amesimama juu ya miti ya mitego, pale kwenye maporomoko ya Kisangani, uchungu ukamshika, mtoto akadondokea katikati ya samaki wawili wakubwa, na wale samaki, kwa heshima, wakasogea. Asiyeamini aende kuwauliza.

Lakini jambo moja hakuna wa kulibisha: watu wa maporomoko wanaongea kwa kelele. Maji yananguruma mchana kutwa. Ukisema polepole, hata mke wako hajui kama unaomba chumvi. Gertrude aliondoka huko na sikio moja tu zima, la kuume. La kushoto maji yalilila.

Akaolewa na mtu wa treni ya Ubundu, akahamia mjini. Majirani wakaja juu: "Mama, kila asubuhi unatugombeza, tumekosa nini?"

"Mimi ninawasalimia!"

Basi akajifunza kunyamaza. Mume akafa, mtoto hawakupata, na kunyamaza kukawa kazi yake ya pili. Ya kwanza ilikuwa kufua mashuka ya hospitali. Aliyakamua mpaka shuka lenyewe linasema pardon.

Mwaka wa hamsini na sita wakamleta pale hospitalini Félicité, msichana wa miaka kumi na sita, wa kule kule maporomokoni. Tangu kaka yake azame, alisikia watu wasioonekana wakimwambia kwamba kaka yumo ndani ya chakula. Akakataa kula, akawa anajiuma mikono. Wakamfungia chumba cha nyuma, karibu na mahali pa kufulia.

"Huyu iko mukali sana," Eugène, muuguzi, akamwambia Gertrude. "Anapiga makelele siku muzima. Kisha siku ine docteur atamuona. Akimukuta vile, bon, atapanda bateau ya kushuka na muto, kwenye nyumba ya wagonjwa wa kichwa. Kule hakuna mwenye anarudiaka."

"Anasema nini?"

"Nani anajua? Makelele tu."

Gertrude akaweka sikio lake zima mlangoni. "Eugène! Mutoto anaomba maji ya kunywa!"

Akaingia na kikombe, akapaza sauti aliyoifungia miaka kumi na miwili: "MUTOTO! MIMI NI GERTRUDE, WA KWENYE MITEGO!"

Félicité akageuka. "MAMA! KUMBE HUKU IKO MUTU MWENYE ANASEMA!"

Hata kuku wa barabarani walihama. Lakini wale wawili walizungumza.

Gertrude hakubishana na wale wasioonekana. Alileta ndizi za kupikwa, akaziponda ziwe donge la lituma mbele ya macho ya mtoto. "Tazama mwenyewe. Ndizi, chumvi, basi. Kaka yako alikuwa na mabega. Angeenea wapi humu?" Félicité akacheka kidogo, akala matonge matatu. Kesho yake alilia, akajiuma tena. Gertrude akampa shuka bichi alikamue, mikono ipate kazi nyingine. Wakakamua pamoja, huyu upande huu, huyu upande ule.

"Sasa sema chini," akamfundisha. "Sema kama unamuficha kuku siri."

"SIRI GANI?"

"Ee! Kuku amesikia. Tena."

Siku ya nne docteur akaja, Eugène akatafsiri: "Unasikia nini?"

Félicité akatazama mikono yake. Akasema chini kabisa: "Wale watu wangali wanasema. Lakini ninasikia njaa pia."

Docteur akaandika. Arudi kwao, aletwe kila juma kutazamwa. Akikataa chakula, aletwe siku hiyo hiyo. Gertrude akapiga kigelegele kilichotikisa vioo.

"Mama Gertrude," Eugène akasema, "bateau ingali na nafasi!"

Papa Théodore, baba wa mtoto, akaja kumchukua. Langoni Félicité akasimama, akamshika Gertrude mkono, akasema kitu. Alisema vizuri, kwa utaratibu, vile alivyofundishwa, chini, kama anamficha kuku siri. Tena alisemea upande wa kushoto.

Gertrude aliona midomo tu ikisogea. Akaogopa kumwambia arudie kwa nguvu, docteur alikuwa angali dirishani. Akaitika kwa kichwa.

Wakaenda. Akarudi kwenye shuka lililobaki, akashika upande mmoja, upande wa pili akaufunga kwenye mti, akakamua.