Kulpash Alivyopewa Kichwa

Mabuti ya Kulpash yalipotea Jumanne asubuhi, na yeye akajua palepale kwamba hayakupotea.

Huyu mama sio mtu wa kupoteza mabuti, jamani. Ameendesha lori la mkate la kijiji chao tangu yuko binti wa juzi mpaka anastaafu, theluji inafunika magurudumu na yeye anapita tu, na haijawahi kutokea watu wakanywa chai kavu kwa sababu Kulpash kachelewa. Watoto wake wawili, Serzhan na Zauresh, wamekulia kwenye kiti cha mbele cha lile lori, wamefungwa mkanda mmoja wote wawili, wananukia mkate mpaka shuleni wenzao wanawanusa. Mtu kama huyo akivua mabuti mlangoni, anajua ameyavua wapi na yanaangalia upande gani.

"Zauresh," aliuliza, "mabuti yangu yako wapi?"

"Nimeyapeleka kwa fundi, Apa," binti yake akajibu haraka haraka. Kwao Apa ndio mama, na ukiwa na wajukuu unakuwa Apa wa kila mtu. "Soli imeisha."

"Soli ya juzi hii?"

"Imeisha, Apa."

Kulpash akanywa chai yake ya maziwa. Lakini moyoni akasema, hapa kuna jambo.

Kila mwaka yeye ndiye anakuja. Mwisho wa Novemba, majani yameshapukutika yote, ardhi imekuwa ngumu kama sahani, farasi wa majira ya baridi ameshachinjwa, anapanda treni kutoka kijijini mpaka mji wa Karaganda, wanakoishi watoto wake, na mabegi yanayonuka vitunguu saumu. Humo ndani kuna kazy, zile soseji nene za nyama ya farasi anazojaza kwa mkono wake, kuna jibini kavu za wajukuu, na mwaka huu kulikuwa na kichwa cha kondoo alichokichoma manyoya mwenyewe uani, kimefungwa kwenye taulo kama mtoto. Anafikia kwa Serzhan, ghorofa ya tisa. Zauresh anakaa mtaa wa pili. Wanakula, wanacheka, wakwe wanakuja, binamu wanakuja, wiki inaisha, Kulpash anarudi kwake kabla theluji haijakaza. Ndivyo ilivyo miaka yote.

Ila mwaka huu alipewa chumba. Sio godoro sebuleni pamoja na wajukuu kama kawaida, chumba kizima, na pazia jipya, na ndala zenye jina lake zimeshonwa kwa uzi. Gaukhar, mke wa Serzhan, akamwonyesha kabati tupu na kusema kwa aibu, "Hili lote lako, Apa." Begi lake la nguo ni moja, kabati la milango mitatu ni la nini?

Jibu lilikuja Alhamisi kwenye simu. Zauresh alirekodi sauti ya kumtumia kaka yake, anaongea kwa kunong'ona, "Kaka usisahau, Jumapili tukishakula ndio unatangaza kwamba Apa anahamia kwako. Mbele ya wakwe hawezi kukataa, ataona aibu. Mabuti ninayo mimi. Na Apa asijue kabisa!" Halafu akaituma kwenye kundi la ukoo. Lile kundi la watu sitini, la maua na salamu za Ijumaa! Akaifuta kabla hata hajameza mate, lakini Kulpash ndiye mtu wa kwanza kufungua kila kitu kwenye lile kundi. Alikuwa ameshaisikiliza. Mara mbili.

Alikaa kitandani na simu mapajani. Kuhama maana yake nini? Maana yake nyumba ya kijijini inafungwa, ng'ombe anauzwa, na moshi hautoki tena kwenye bomba aliloliweka marehemu mume wake. Kulpash akasema hapana, tena kwa sauti, chumbani peke yake. Kabla ya Jumapili nitakuwa kwangu.

Jumamosi asubuhi, Gaukhar yuko jikoni anasukuma unga, Kulpash akanyata mpaka mlangoni na begi lake na kujaribu mabuti ya mkamwana wake. Yana visigino virefu, membamba, ya mjini. Mguu uliingia nusu, ukagoma. Akavuta, akasukuma, akajaribu kupiga hatua na vidole tu, anatembea kama kuku aliyetoka kwenye maji.

"Apa?" Gaukhar kasimama nyuma yake, mikono yote unga. "Unaenda wapi?"

"Kutupa takataka."

"Na begi?"

"Takataka ni nyingi."

Gaukhar akaangalia miguu ya mama mkwe wake, akauma mdomo asicheke, akachuchumaa kumvua. "Apa, nje kuna barafu, na haya mimi mwenyewe nayavaa nikiwa nimemshika Serzhan."

"Mwanamke wa heshima anavaaje kitu cha kumwangusha?"

"Si ndio nikamshika Serzhan." Wakacheka wote wawili pale chini, lakini begi lilirudi chumbani. Sawa, akajisemea Kulpash. Kama siwezi kuwakimbia, nitawakabili palepale mezani. Kwa namna gani, hapo ndio hakujua bado.

Jumapili watu wakaanza kumiminika kabla ya adhuhuri. Binamu na watoto wao, majirani wawili, na Orazbek, baba wa mume wa Zauresh, mzee mnene mwenye kofia ya manyoya na mdomo usiolala. Na shida kubwa, nakwambia ukweli, ni kwamba Kulpash alikuwa anafurahi. Wajukuu walikuwa wanampanda mgongoni kama farasi. Mmoja alimwonyesha jino lililong'oka, mwingine alitaka aimbiwe. Meza haionekani kitambaa, ni maandazi ya moto, jamu, zabibu kavu, siagi. Zauresh alipita nyuma yake akambusu kichwani bila sababu. Dirisha limejaa mvuke wa nyama. Akawaza, mtu mwingine angesema nitake nini tena? Halafu akaangalia ndala zake zenye jina, akakaza shingo.

"Mkwe!" Orazbek akaita kutoka upande wa pili. "Mbona umekaa kama dereva aliyenyang'anywa funguo?"

"Nimenyang'anywa mabuti, mkwe. Afadhali funguo."

"Ukikosa mabuti njoo kwangu, nina kondoo wa kuchunga, nitakulipa buti moja moja."

"Wewe kondoo wako nawajua. Wamekonda mpaka mbwa mwitu anawaonea huruma." Meza nzima ikaangua kicheko, na Orazbek ndiye aliyecheka zaidi ya wote, maana wakwe wasipotaniana kwao ni kama wamegombana.

Ndipo nyama ikaingia. Sinia kubwa, vipande vipana vya unga uliochemshwa chini, nyama ya farasi juu, kazy zimekatwa miviringo, mvuke unapanda. Kila mtu na kipande chake kwa cheo chake, na anayegawa ni mwenye nyumba. Serzhan akasimama, mtu mzima mwenye mvi za pembeni, msimamizi wa mgodini. Alikuwa na sahani ya pembeni yenye kile kichwa cha kondoo, kimeiva, kinang'aa. Watu wakajua kinaenda kwa Orazbek, si ndiye mkwe, tena mwanaume. Serzhan akampita. Akakiweka mbele ya mama yake, pua ikimwangalia.

"Heee!" Orazbek akajishika kifua. "Leo nimepitwa hivi hivi?"

"Apa ni mkubwa kwako kwa miaka, mzee wangu," Serzhan akasema huku anatoa tabasamu la mtu anayetaka kumlainisha mama yake. "Leo heshima yote ni yake."

"Mpe, mpe. Mimi mwenyewe meno yamebaki ya uji. Na aliyeyang'oa ni huyu mkamwana wangu." Zauresh ni daktari wa meno, akainama anacheka.

Kulpash hakucheka. Alikuwa anakiangalia kile kichwa, alichokichoma mwenyewe, alichokibeba kwenye taulo. Polepole sana, kama mtu anayeona taa za lori kwa mbali kwenye ukungu, uso wake ukafunguka.

"Serzhan mwanangu," akasema. "Kichwa anapewa nani?"

"Mgeni wa heshima, Apa."

"Sema kwa sauti, Orazbek masikio yake yana manyoya."

"Mgeni wa heshima!"

"Kwa hiyo mimi hapa ni mgeni?"

"Mgeni wetu mkubwa kuliko wote, Apa!" Watu wakapiga makofi. Ni Gaukhar tu aliyeacha kupiga, kwa sababu alikuwa ameshaona linakoelekea.

Kulpash akageuka. "Mkwe, wewe umealikwa nyumba nyingi. Mgeni akishakula kichwa, anafanya nini?"

"Anaomba dua, anavaa viatu, anaenda kwake," Orazbek akajibu huku anatafuna. Halafu akaacha kutafuna.

Zauresh akamwangalia kaka yake, kaka akamwangalia Zauresh.

"Apa, ngoja," Serzhan akanyoosha mkono kwenye sahani. "Nimekosea, hiki kilikuwa cha mzee Orazbek..."

"Usiniletee!" Orazbek akainua mikono yote juu. "Kichwa alichonyang'anywa bibi mbele za watu, nikile mimi? Kwetu nitaingia na uso gani?"

Mkono wa Serzhan ukabaki hewani. Halafu akakaa chini, na alipoongea tena sauti haikuwa ya kugawa nyama. "Mwaka jana ulianguka pale kisimani, Apa. Ulilala kwenye barafu mpaka jirani akaja kuteka maji. Mimi nilipigiwa simu niko chini ya ardhi. Nikaendesha ile njia yote sijui kama nakukuta. Unajua nilikuwa nasema nini njiani? Hata sikumbuki. Kila simu ikilia sasa hivi nadhani ni jirani." Akafuta macho kwa kiganja, mtu mzima, mbele ya wakwe. "Ndio maana tulitaka uhamie hapa, na mabuti tumeyaficha. Tufanyeje?"

Hapo Kulpash karibu ashindwe. Mabishano yote alikuwa amejiandaa nayo, ila sio huyu mtoto wake kulia. Akavuta pumzi, akachukua kisu, akakata kipande kidogo cha shavu la kulia akala, kama inavyotakiwa. Kisha akakata sikio.

Sikio la kondoo ni la mtoto. Anapewa mdogo kabisa wa mezani ili akue anasikia la wakubwa. Wajukuu wote wakanyoosha mikono. Kulpash akawapita wote akaliweka kwenye sahani ya Serzhan.

"Kula," akasema. "Wewe ndiye mwenye shida ya kusikia."

Orazbek alicheka mpaka kofia ikadondoka. Hata Serzhan akacheka, machozi hayajakauka, akaliweka mdomoni.

"Sasa sikia. Nimeanguka, ni kweli. Na nitazeeka, hilo sikatai. Lakini hii nyama mnayokula, mmeona ni nusu?"

Gaukhar akaitika taratibu. "Nilijiuliza, Apa. Miaka mingine mabegi huwa mawili zaidi."

"Nusu iko kwangu, inaning'inia ghalani na chumvi yake. Fungu la Serzhan, fungu la Zauresh, fungu la Gaukhar, na fungu la huyu mzee mwenye kondoo waliokonda. Fungu la mtu halibebwi kwenye treni likamfuate. Linamsubiri mpaka aje. Baba yenu alikuwa anaweka la kaka yake mpaka majani mapya yanaota, na kaka yake alikuja kila mwaka, alipokuwa na kitu na alipokuwa hana. Nikihamia hapa, ghalani nyama ataitundika nani? Mtakuwa mnakutana na mimi kwenye kochi, mtanizoea kama televisheni. Mnaogopa nitaanguka? Njooni mle. Akitoka mmoja aingie mwingine, nione nitaangukia wapi na nyumba imejaa watu."

"Na la kwangu ni sehemu gani?" Orazbek akauliza.

"Mbavu."

"Basi mimi nikitangulia msinishangae."

Zauresh alisimama, akavaa koti, akashuka ghorofa zote tisa kwa sababu lifti ilikuwa imejaa watoto wanaocheza, na aliporudi anahema alikuwa amebeba mabuti ya mama yake kutoka kwenye gari lake. Akayaweka miguuni pake bila kumwangalia.

Kulpash akayageuza. Kumbe kweli yalipelekwa kwa fundi. Soli ilikuwa mpya, nene, imepigwa vijino vya chuma vya kung'ata barafu.

"Yalikuwa tayari siku ile ile," Zauresh akasema kwa sauti ndogo. "Sikuweza tu kukurudishia."

Kulpash akamvuta akamkumbatia kwa nguvu mpaka kilemba kikapinda. Kisha akayavaa palepale mezani, akasimama, akajaribu hatua mbili, kra kra kra juu ya sakafu ya mbao ya Gaukhar.

"Apa, sakafu!" Gaukhar akalia.

"Inang'ata," Kulpash akasema ameridhika, akavua. Akainua viganja, na wote wakainua, wakwe na binamu na watoto wenye mafuta mdomoni, akawaombea safari, afya, mifugo na akili ya kusikia, wakasema amina kwa pamoja.

Jumatano Serzhan alimpeleka stesheni. Mabegi yalikuwa mepesi sasa. Treni ikapiga honi, yeye yuko mlangoni na mabuti yake, mwanawe chini ya ngazi kaweka mikono mfukoni, theluji ya kwanza inaanza kushuka taratibu kwenye mabega yake.

"Nitakuja wiki ijayo," akasema.

"Wiki ijayo ni mapema mno. Nyama haijakauka."

"Basi nitakuja kuiangalia inavyokauka."

Kulpash akamtazama kidogo, huyu mtoto wa kiti cha mbele. "Njoo na mkate," akasema, akaingia ndani.