Loisi Amekigonga?

Hapa Haneti mtu hanunui kisu cha mume wangu kabla hajauliza, "Loisi amekigonga?" Loisi ndiye mimi. Batholomeo anafua visu kwa springi za magari mabovu, mimi navijaribu. Nakata nyama na mifupa yake, nachonga mwiko, halafu nasimamisha kisu juu ya gogo la mgunga na kukipiga mgongoni kwa rungu mpaka gogo lipasuke. Ila kabla ya gogo nakigonga kwa ukucha karibu na sikio. Kisu kizima kinalia, mlio unakaa. Chenye ufa kinakata sauti papo hapo.

Mwaka jana oili chafu ya kupozea chuma cha moto ilimwishia, na kwa haraka zake akapoza kisu kimoja kwenye maji baridi, nayo hufanya chuma kivunjike upesi kama kioo. Hakuniambia. Nilikigonga, kikalia vizuri tu. Rungu la pili kikavunjika, kipande kikaruka na kuniingia jicho la kushoto. Hospitali walikitoa, lakini jicho halikurudi.

Nimebaki na moja. Naliogopea jicho hili kuliko ninavyoogopa kufa, na asiyependa kusikia hivyo aende zake. Nikiona kisu tu, nalifunika kwa kiganja. Tangu hapo Batholomeo ameniletea visu vitatu, vyote nikavigonga nikavikataa. "Kina ufa." Alivichukua akaenda navyo. Wateja nao wakaanza kununua vile vya dukani, vinavyopinda kwa kiazi.

Alhamisi akaja Ulimboka, mfugaji wa Bahi, anataka kisu cha kuchunia ng'ombe na kuchongea fito. Batholomeo akatoa kimoja chenye mpini mpya wa mninga, akaniwekea mbele.

Nilianza na jikoni, maana jikoni hakuna kinachoruka. Nyanya ilikatika bila kupondeka. Shingo ya mbuzi nayo ikaachia. Nikachonga mwiko, nikajikata kidole gumba. Kisha nikakigonga sikioni.

Mlio ukakatika.

"Kina ufa," nikasema.

"Basi gogo nitalipiga mwenyewe," akasema Batholomeo.

Mungu wangu! Akasimamisha kisu juu ya gogo, akachuchumaa na rungu mkononi, uso umekaribia kisu kabisa, macho yote mawili wazi. Huyu naye akipofuka, nani atamshika mwenzake mkono?

"Weka rungu chini! Batholomeo, weka chini, nakwambia!" Nikamnyang'anya. "Geukia ukutani. Na wewe mgeni, toka nje!"

Nikajifunika uso kwa khanga, nikapapasa mgongo wa kisu, nikapiga. Kikazama. Nikapiga tena huku nalia kwa sauti, wala sioni aibu kusema. Gogo likaachana katikati. Nilipoondoa khanga, kisu kilikuwa kizima, hakijapinda hata kidogo.

Nikakigonga tena. Mlio ule ule uliokatika.

"Loisi," akasema Batholomeo, bado ameutazama ukuta, "hicho ni kile cha kwanza ulichokikataa. Nimebadilisha mpini tu. Nimekipasulia kuni miezi minne, kila ukienda bombani."

"Miezi minne! Na macho wazi hivyo hivyo?"

"Wazi. Jicho lako nililitoa mimi kwa haraka zangu. Kingevunjika, kingenikuta mimi."

Mjinga mkubwa! Nilitaka kumpiga kwa rungu lile lile. Nikakaa juu ya vipande vya gogo. Hofu nyingine ilikuwa imenishika, mbaya kuliko ya jicho. Kisu ni kizima, na mimi nasikia ufa. Siku kikija chenye ufa kweli, nitajuaje? Miaka ishirini watu wameingiza visu hivi majumbani kwao kwa sababu ya sikio langu, na sikio lenyewe sasa linasikia woga tu.

Ulimboka akachungulia mlangoni. "Vipi mama, umekigonga?"

Nilitazama kisu. Nilimtazama Batholomeo, ambaye sasa alikuwa amegeuka, ananisubiri niseme ndiyo kama zamani.

"Nimekigonga," nikasema. "Lakini usiniulize mimi tena, baba. Muulize yeye."