Nasaha za Mgeni Rasmi

Mtaani kwetu Chamazi mimi ni mtu wa bandari. Sijawahi kuajiriwa bandarini hata siku moja. Nimefanya kazi miaka ishirini na moja kwa wakala wa kutoa mizigo, ofisi ya ghorofa ya pili kule Kurasini, na bandari yenyewe naionea dirishani kama mpita njia yeyote. Lakini hapa mjini ukishataja bandari mbele ya watu, wamekwisha kukupa magari na nyumba za kupangisha. Miaka ya mwanzo nilikuwa nakanusha. Baadaye nikaacha, na nikiri tu, nikaanza kupenda. Nilipoezeka bati la bluu, jirani mmoja alisimama barabarani akasema, "Bandari hiyo," nami nikacheka kama mtu mwenye siri ya maana.

Kazi yangu ni nyaraka. Mzigo ukiingia, karatasi zake zinanipitia mimi kwanza: ankara ya muuzaji, hati ya meli, orodha ya vilivyomo. Naangalia kama zinakubaliana, halafu natafuta kila bidhaa inaangukia fungu gani la ushuru. Ukikosea fungu, mzigo unakwama na mteja anapiga simu kutukana. Nilikuwa na jicho. Mtu aliyeandika nguo wakati uzito wa kontena ni wa vyuma, nilimjua kabla sijafika mstari wa tatu. Bosi alikuwa akiwaambia wenzangu, mpelekeeni mama aangalie. Hiyo "mpelekeeni mama" ndiyo iliyonifanya nitembee kifua mbele miaka yote hiyo.

Sasa Alhamisi moja, miaka miwili iliyopita, bosi alituita wote wa chumba cha nyaraka, watu sita. Alisema ofisi imenunua mfumo mpya. Unaupa karatasi, unazisoma wenyewe, unapanga mafungu wenyewe, na fomu inatoka imejazwa. Alieleza mengi, nami nikawa nashika nusu. Mwisho akasema kwa tabasamu, "Nyie wazee wa mafaili mjiongeze. Asiyejua kompyuta, kesho hana kazi."

Kwa kuwa alitabasamu, tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Kisha nilikwenda chooni, nikafunga mlango, nikakaa humo. Kompyuta nilikuwa naijua kwa kukariri mahali vilipo vitufe. Siku moja walibadilisha rangi ya skrini, nikadhani nimeiharibu. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, mtoto mmoja chuoni, na hakuna kitu kingine duniani nilichojua kukifanya. Jioni mume wangu aliuliza kikao kilikuwa cha nini. Nikamwambia cha likizo.

Jumamosi yake nilikuwa mgeni rasmi. Mkuu wa shule ya sekondari ya mtaani kwetu alikuwa ameniomba mwezi mzima kabla, niende kwenye mahafali ya kidato cha nne, nikawape watoto maneno ya mtu aliyefanikiwa. Wakati ule nilikubali kwa furaha. Asubuhi ya siku yenyewe nilitamani niugue homa, lakini kitenge kilishashonwa na mume wangu alishapiga pasi shati lake.

Skauti wawili walinipigia saluti getini, mmoja akanivisha skafu. Nilikaa meza kuu chini ya turubai, shingo inaniwasha kwa jasho. Mshereheshaji akasoma wasifu wangu. Mimi nilikuwa nimempa mkuu wa shule mistari minne. Alichosoma yule kilikuwa ukurasa mzima: mtaalamu mwandamizi wa masuala ya bandari na biashara ya kimataifa. Wazazi wakapiga makofi. Mume wangu, aliyekaa katikati yao, alipiga ya nguvu kuliko wote. Nilimwangalia nikaona aibu mpaka vidoleni.

Kisha ikaja risala ya wanafunzi. Aliyeisoma alikuwa binti mwenye mwanya na sauti kubwa, haogopi kipaza sauti. Walilalamikia vyoo, walilalamikia kukosa chumba cha kompyuta. Mstari wa mwisho ulisema, "Ndugu mgeni rasmi, tunaomba utuambie tusome nini ili tusije tukakosa kazi." Akakunja karatasi, akanikabidhi kwa mikono miwili, akarudi kukaa benchi la mbele.

Nilikuwa na hotuba yangu kwenye mkoba, ya nidhamu na kumcha Mungu. Sikuitoa. Niliwaangalia wale watoto, kinywa kikafunguka chenyewe, na maneno yaliyotoka yalikuwa ya bosi. "Someni kompyuta," nilisema, kidole juu. "Asiyejua kompyuta, kesho hana kazi." Makofi yakalipuka. Tishio nililopewa Alhamisi, Jumamosi limekuwa nasaha, na likapendeza. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu nilipolisikia kwa sauti yangu niliona kwamba ni kweli. Yule binti wa risala alitoa daftari akaandika. Nilimwona akiandika, na akapiga mstari chini yake.

Kuhusu chumba cha kompyuta niliahidi kulifikisha suala mahali husika. Sikujua mahali husika ni wapi.

Baada ya hapo niliishi kwa hofu. Sina namna nyingine ya kuisema. Kila asubuhi nikipanda ngazi za ofisi, macho yangu yalitangulia kwenye kiti changu kuona kama bado kipo. Watu waliitwa kwa bosi mmoja mmoja, kila mara Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na Jumatatu kiti cha aliyeitwa kilikuwa kimepelekwa stoo. Nikaacha kula mchana siku za Ijumaa. Tulibaki watatu, tukawa wawili. Yule mwenzangu wa mwisho alikuwa mzee wa makamo yangu, na hatukuzungumzia jambo hilo hata mara moja, tulikuwa tunaulizana tu habari za watoto. Naye akaitwa.

Mfumo ulisoma karatasi kabla sijapata miwani. Ila ulikuwa unakosea. Kuna siku uliweka magodoro pamoja na mashuka, nikalikamata kosa, bosi akasema asante mama. Nilirudi nyumbani nikamwomba Mungu mashine ikosee tena. Mtu mzima, mzee wa kanisa, napiga magoti kuombea makosa.

Na mtaani hakuna aliyejua. Majirani waliendelea kuniletea bahasha za kaki zenye vyeti vya watoto wao, nizifikishe bandarini. Nilizipokea zote. Zimejaa chini ya kabati la nguo. Kuzikataa kungekuwa ni kusema ukweli.

Jumatatu moja mwaka huu bosi aliingia na msichana. Niliutambua mwanya kabla ya sura.

"Shikamoo mgeni rasmi," alisema.

Niliitikia marahaba. Bosi aliuliza mgeni rasmi wa wapi, naye akaeleza kwa furaha: kwamba mimi ndiye niliyewaambia wasome kompyuta, na kwamba akaenda chuo mwaka mzima kwa sababu ya maneno yangu. Bosi alipendezwa sana.

"Basi safi, mama," akaniambia. "Una wiki tatu. Mfundishe kila unachokijua." Akafunga mlango taratibu. Bosi wetu hajawahi kufunga mlango taratibu. Sikumuuliza baada ya wiki tatu kuna nini.

Nilijipangia. Nitamfundisha polepole, kijambo kimoja kwa siku, na lile jicho langu nitabaki nalo. Mfumo haukumsumbua, saa moja tu ilimtosha kuuzoea. Lakini alikuwa na adabu, na ana namna ya kuuliza. "Ulijuaje, mama?" Miaka miwili hakuna aliyeniuliza nilijuaje kitu chochote. Nikamwambia. Nikamweleza habari ya uzito na nguo. Nikamweleza kulinganisha tarehe ya ankara na tarehe ya meli, na namna ya kumjua muuzaji anayepunguza bei kwenye ankara ili ushuru uwe mdogo. Nikamweleza magodoro. Nilieleza kwa mikono, nikasimama, nikacheka. Naona haya kusema, lakini siku mbili na ushei nilisahau kuogopa.

Jumatano saa nne asubuhi nilinyamaza ninywe chai. Yeye alikuwa anafunua daftari lake, anarudi mwanzo, anahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Kurasa kumi na moja, mama," alisema, kama mtu anayenipongeza.

Nililiangalia lile daftari. Mwandiko wake ni mkubwa, na anaruka mstari. Alifungua ukurasa mpya, akanitazama vilevile alivyonitazama kutoka benchi la mbele. "Kingine?"

Nilitafuta. Niliangalia mafaili, nikaangalia dirisha na kreni za bandari, nikapita miaka yangu yote ishirini na moja nikitafuta kitu kimoja tu ambacho hakikuwemo mle. Kalamu yake ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Ngoja nikumbuke," nilimwambia. Nikaenda chooni, nikakaa palepale nilipokaa ile Alhamisi. Zile wiki tatu zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili za kazi, na nilikuwa nimemaliza kila nilichonacho.