Bomba la Saba

Oili ya shokapu ikizeeka hunuka kama dagaa waliolowekwa wakasahaulika. Mwezi uliopita nilifungua skrubu ya chini ya pikipiki ya baba, oili ikachuruzika nyeusi kwenye beseni, na kabla haijafika hata robo nilikuwa tena na miaka kumi, nimechuchumaa uani kwetu Mkiwa, nikijiona mtu muhimu kuliko wote wilayani.

Baba alikuwa bwana mifugo. Pikipiki yake haikuwa kama hizi ndogo za bodaboda. Ilikuwa kubwa, ya safari ndefu, yenye tangi mfano wa tumbo la ng'ombe mwenye mimba na masanduku mawili ya kubebea chanjo. Mradi ulioileta ulipokwisha aliruhusiwa kuinunua, na tangu siku hiyo hakuna fundi aliyeigusa. Kila baada ya masika, barabara zikishamkung'uta vya kutosha, aliipandisha juu ya gogo mpaka gurudumu la mbele likaning'inia, akachukua beseni la mama bila kuomba, akamwaga oili ya zamani ya shokapu za mbele, zile mbili zinazomeza mashimo ya barabara, na kuweka mpya. Mama alisema beseni lile halitafuliwa tena nguo za binadamu. Alisema hivyo kila mwaka, na kila mwaka lilikuwa beseni jipya.

Oili mpya aliipima kwa bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe. Mabomba tisa kila shokapu, si nane wala kumi. Zikipishana, alisema, pikipiki inatembea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Na hakuhesabu mwenyewe. Kwenye kazi yake mwenye sindano hakuhesabu ng'ombe. Alihesabu mwingine, kwa sauti, na mwenye sindano akamwamini. Nyumbani kazi hiyo ilikuwa ya kaka yangu Elia, mpaka siku alipopotea hesabu kwa kutazama lori likikata kona barabarani. Baba alimwaga yote akaanza upya. Nilimcheka Elia wiki nzima, nikambandika jina la Bwana Lori, nikaiomba kazi yake, nikapewa.

Shokapu ya kwanza ilikwenda vizuri. Tulikuwa katikati ya ile ya pili, Mzee Ntandu, jirani yetu, alipoingia na fimbo yake kuuliza habari za ndama aliyevimba jicho. Kwetu mtoto hamwamkii mzee huku amechuchumaa na macho yake yako kwenye oili. Nilisimama, nikafuta mikono kwenye gauni, nikapiga goti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hamjambo hapa? Mama yuko wapi? Shule mnasoma? Na kuku wa bibi yako wamepona?"

Kila swali lilitaka jibu lake, na Mzee Ntandu hakuwa mtu wa kurukwa swali. Kisha akamgeukia baba, wakahamia Kinyaturu, wakaamkiana upya tangu mwanzo. Baba alijibu huku akisukuma bomba, maana alijua hesabu iko kwangu. Ndama alipokwisha kuzungumzwa, mzee akaondoka.

"Ngapi?" baba akauliza.

"Saba," nikasema.

Ilinitoka haraka, kwa sauti ya mtu anayejua. Ukweli sikujua kama ni sita au saba. Elia alikuwa amekaa mlangoni akimenya karanga, ananitazama. Baba akaongeza mawili, akakaza nati, akaniambia nimefanya kazi nzuri.

Kesho yake asubuhi aliondoka kwenda kuchanja ng'ombe vijiji vya upande wa Kintinku. Nilisimama pembeni nikamwangalia akivaa kofia ngumu, akipiga kiki, akisubiri injini ichanganye. Nilikuwa na muda wa kutosha kabisa wa kusema. Nikasema, "Safari njema, baba."

Siku mbili chakula hakikupita. Mama aliona ni minyoo, akanipa dawa chungu, nikainywa bila ubishi kwa sababu niliona nimestahili. Siku ya tatu baba akarudi ndani ya lori, pikipiki imefungwa kamba nyuma yake, mkono wa kushoto umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Alikuwa ameanguka kwenye korongo la mchanga. "Mbele ilizama ghafla," alimwambia mama, basi, habari ikaishia hapo.

Kwangu haikuishia. Mwezi mzima nilimchotea baba maji ya kuoga na kumpigia viatu rangi bila kutumwa. Watu wakanisifu, mtoto gani huyu ana huruma kiasi hiki, na kila sifa iliniunguza. Kifundo cha mkono kilipona vibaya, hakikuzunguka tena sawasawa mpaka leo. Nilikitazama kila alipokula.

Sasa mimi nafundisha hesabu shule ya msingi huko Ikungi, mnaweza kucheka. Pikipiki naiendesha mimi, na oili nabadilisha mimi, maana mkono wa baba haukazi nati. Mwezi uliopita nilishika bomba lilelile, naye akakaa kwenye kigoda akihesabu. Tukiwa shokapu ya pili akapita kijana wa jirani akiswaga mbuzi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, baba. Mama ameamkaje? Na ule mguu wake?"

Wakazungumza mpaka mbuzi wakafika kwenye mtama wa watu, kijana akawakimbilia.

"Tumefika ngapi, baba?" nikauliza.

"Nimepotea," akasema. "Mwaga, tuanze moja."

Alisema hivyohivyo tu, kama mtu anayeomba chumvi. Niliweka bomba chini. Kisha nikamweleza yote: Mzee Ntandu, ile saba, Elia na karanga zake. Kulieleza jambo nililolibeba tangu utoto kulichukua muda mfupi kuliko kufungua nati moja.

Baba alisugua kifundo cha mkono. "Pengine ni mchanga tu. Korongo lile limeangusha wengi." Nikaanza kupumua. "Lakini mwanangu, mwendeshaji nilikuwa mimi. Ungeniambia hujui, ningeamua mwenyewe."

Utotoni niliamini kosa langu lilikuwa bomba moja la oili. Kumbe kupotea hesabu mbele ya Mzee Ntandu kungempata yeyote. Mimi nilimpa baba uhakika ambao sikuwa nao, naye akaupanda akaondoka nao mpaka Kintinku.

Nikakinga bakuli safi, nikafungua skrubu ya chini. Oili ikatoka yote, nyekundu na mpya, nikafunga.

"Uko tayari?" baba akauliza.

"Niko tayari."

"Moja," akasema.