Pengo Aliloliziba Edna Hepple

Edna Hepple hakuweza kuona ufa akalala. Nyumbani kwake, bandarini North Shields, madirisha yote yalishindiliwa magazeti, na mumewe Wilf alizoea kumwambia, "Iko siku utaniziba na pua." Vita vilipochukua wanaume, Edna aliacha kuuza samaki akajifunza kuchomelea vyuma katika kiwanda cha meli. Mimi nilikuwa wa kumshikia vipande.

Mwaka wa arobaini na tatu ikaletwa kiwandani kwetu meli ya mafuta, ileile ambayo Wilf alikuwa fundi wake wa pampu. Wakakata bomba la moshi na vyumba vya juu, wakasimika nguzo, na juu ya nguzo wakalaza uwanja wa chuma wa ndege nne za kuwinda nyambizi. Chini mafuta, juu ndege, mabaharia walewale. Tuliambiwa haraka, haraka.

Ijumaa Edna akaona pengo la vidole viwili, limekatiza uwanja ubavu hadi ubavu.

"Tazama uvivu wa wanaume! Wamekimbilia bia. Lete vyuma, Peggy."

Nikaleta. Nyapara alikuwa huko tezi, nyuma ya meli, hatukumwuliza mtu. Siku mbili tukaziba, na Jumapili wapaka rangi wakapita juu. Edna akatembea juu yake kama bibi harusi.

Jumatatu, tunakula viazi na kabichi, Mzee Ridley, mpiga ribiti za kuunga vyuma, akawa anamsomesha mwenzake: "Meli baharini hupinda kama mgongo wa paka. Ndiyo maana ule uwanja wameuacha wazi katikati. Ukiushona, wimbi kubwa la kwanza linaupasua."

Uma wa Edna ukabaki hewani.

Nilimvuta nje. Nilichomwambia bado kinanitia haya: "Nyamaza. Tutafukuzwa. Yule mzee ni porojo tupu."

"Inaondoka kesho asubuhi, Peggy. Wilf analala chini ya mshono wangu."

Akaenda mbiombio kwa nyapara, mimi nyuma. Nyapara Tulip ndiye aliyesema tangu siku ya kwanza kwamba wanawake watazamisha meli kabla ya Wajerumani.

"Bwana Tulip, nimeziba lile pengo la uwanjani."

"Pengo gani?"

"Lile la kupindia."

Akacheka. "Mama, hiyo ni futi sitini. Huwezi."

"Naweza. Njoo."

Alipanda, akatazama rangi ya kijivu, laini kabisa. Edna akapiga magoti, akakwangua kwa patasi, na mshono wake ukatoka unang'aa. Tulip akavua kofia. Nilidhani atampiga nayo.

"Mshono mzuri," akasema taratibu. "Mungu akulaani, mshono mzuri sana. Nenda kachukue moto wa kukatia. Ulichoshona, fumua."

Ilikuwa saa saba. Giza likiingia hakuna kuwasha moto nje, ndege za adui zisije zikauona. Edna akaanza ubavu wa kushoto, Tulip mwenyewe wa kulia, mimi katikati na ndoo ya maji, naangalia jua, naangalia pengo. Saa kumi zilibaki futi ishirini. Edna hakunyanyua kichwa. Mlinzi alikuja mara mbili.

"Zimeni!"

"Bado!" Tulip akamfokea. "Jua lile pale, huna macho?"

Futi ya mwisho ilikatika mlinzi amesimama juu yetu, mkono kiunoni.

Asubuhi meli ikatoka maji yalipojaa. Wiki saba zikapita. Redio ikitaja Atlantiki, Edna huondoka chumbani. Kazini Tulip alimhamishia kwenye matangi, wala hakumsema kwa wakubwa.

Siku Wilf aliporudi nilikuwepo, namenya viazi. Akatupa mfuko mlangoni, macho mekundu.

"Nani mpumbavu aliyeacha ule uwanja wazi juu ya kitanda changu? Wiki saba chuma kinalia kriii, kriii, sijalala! Hapo kiwandani hamna mtu wa kuuziba?"

Edna alimpiga kwa kitambaa cha kufutia sahani, mara tatu, kisha akakaa chini palepale sakafuni akilia.

"Nimesema nini?" Wilf akaniuliza.